Ninamutafuta Mungu wa Siku za Kukimbia

Mama Emérita, ninyi munaojibu barua za watu wenye mizigo, Bwana asifiwe. Nawaomba munisikilize mpaka mwisho mbele ya kunihukumu, maana jambo hili nimelibeba miaka miwili.

Miye ni Luc, shemasi wa kanisa letu huku Walikale, mulimaji wa mihogo na muwindaji, baba wa watoto watatu. Asubuhi moja, miaka miwili iliyopita, masasi ya bunduki ililia katika kijiji, tukakimbia na nguo za mwilini tu, miye na watoto na mama yao, bibi yangu Généreuse, pamoja na jirani yetu Grégoire na bibi yake Nyiraneza, tukaingia pori, tukatembea siku tatu tukijificha, tukikula majani na asali kidogo niliyotoa katika muti, na siku ya pili Grégoire, aliyepigwa risasi ya tumbo, akatufia pembeni ya kijito, tukamuzika kwa mikono na panga moja. Mama, pale kijitoni, nilipopiga magoti na udongo wa kaburi ungali katika kucha zangu, Mungu alikuja. Sijui kusema namna ingine. Sikuona nuru, sikusikia sauti, lakini alikuwa karibu kuliko shati langu, hofu yote ikaisha, nikajua hata tukikufa wote tuko naye. Ilikuwa hivyo mpaka tulipotoka pori.

Sasa tumerudia. Nyumba imesimama tena, mihogo iko, watoto wanasoma, kanisa limepata mikro ya kusemea na bafle ya kutoa sauti kubwa, na ni miye nafungua maombi kila Jumapili, napaza sauti, watu wanalia, wanasema "Shemasi amejaa Roho," na ndani yangu iko kavu kabisa, ni kama naongea na ukuta. Ninamutaka Yeye tu, vile alivyokuwa pale. Na hapa ndipo aibu yangu: nilianza kutamani siku za kukimbia. Muntu alikufa, watoto wangu walilia njaa, na miye natamani! Nyiraneza akipita njiani, nilikuwa nageuza uso.

Basi nikaanza kwenda kule kwa siri. Kila juma nilimuambia Généreuse naenda kuangalia mitego, kumbe naenda kijitoni, maana muntu peke yake asiyejificha anafika kwa masaa nne, napiga magoti, nalia, narudia bila nyama. Miezi ikapita hivyo. Généreuse akafikiri niko na mwanamuke mwingine kule. Siku moja akanifuata, nikasikia nyuma yangu:

"Luc! Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo mwanamuke wako!"

Nikamuonyesha kaburi la Grégoire, na magoti yangu yenye matope, nikamuambia yote, nikingoja matusi. Akaikala juu ya jiwe, akacheka mpaka machozi ikatoka. "Kumbe ni Mungu! Miezi yote hii nimekonda, kumbe ni Mungu!" Kisha akauliza kwa upole: "Na anakujibu?" Nikasema hapana, ananyamaza. Akasema: "Basi simama. Mihogo niliyoloweka iko na siku nne, itaoza. Na tutapita kwa Nyiraneza."

Nilikataa. Akanivuta mukono mpaka kwa mulango wa ule mujane, nikasema yote, kichwa chini. Nyiraneza akapangusa mikono kwa kikwembe alichojifunga, akasema: "Shemasi, miye pia. Pale bwana yangu aliniacha, na palepale Mungu alinishika. Niliogopa kusema, watu wasifikiri sikumupenda marehemu." Tukalia sisi watatu, Mama, lakini ni kulia kwa muntu aliyetuliwa muzigo. Tangu siku ile nalala vizuri, na Nyiraneza namusalimia bila kuogopa.

Lakini moyo bado una njaa. Hamu hii ni dhambi? Niache kwenda kijitoni? Na nitamuona tena vile, ao iliisha?

Luc, Walikale

*

Kaka Luc,

Nimesoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilicheka pamoja na bibi yako.

Nianze na kukukaripia. Miezi mizima ulimudanganya Généreuse, ukamuachia shamba na wasiwasi, ukaita hiyo kumutafuta Mungu. Kumutafuta Mungu kwa uongo! Umuombe musamaha wazi. Alicheka kwa sababu alipumua, usifikiri deni limeisha. Tena, barua nzima umenieleza moyo wako. Généreuse alipata nini pale kijitoni siku ya kumuzika Grégoire? Alikuwa pale na watoto watatu. Umuulize leo, na ufunge kinywa mpaka amalize.

Dhambi? Hapana, kaka. Hautamani masasi, na hautamani kifo cha rafiki yako. Unamutamani Yule aliyewashika wakati hakuna mwingine aliyebaki. Wewe ni muntu wa pori, unajua hii: asiyeonja asali haoti ndoto ya asali. Wewe ulionja. Ningekuogopa zaidi kama ungerudia nyumbani, ukashiba, usimukumbuke hata siku moja.

Kama utamuona tena vilevile, sijui, na mwenye kukuahidi anakudanganya. Miye mwenyewe, tulipokimbia vita mpaka muji wa Sake, nilikaa miaka mitano bila kusikia kitu. Nilikuwa naomba maneno mawili matatu tu, kama muntu anayebisha hodi kwa nyumba anayojua wenyewe wako ndani. Siku moja natwanga sombe, majani ya mihogo, nikatambua moyo wangu umetulia, na sikujua ulitulia tangu lini. Hakukuwa kijito, hakukuwa kaburi. Kinu tu na muchi.

Kwa hiyo fanya hivi. Kijitoni uende mara moja kwa mwezi, pamoja na Généreuse na Nyiraneza. Mupalilie kaburi, muimbe wimbo mumoja, murudie mungali na nguvu za kazi. Mungu hana kiwanja pale, hakai pale tu. Kila asubuhi, mbele ya kwenda shamba, wewe na bibi yako mukae kimya kidogo, hata kama hamusikii kitu. Juma hili uende kwa pasta wako, umuambie hivi ulivyoniandikia, bila kupunguza. Na wacha kupaza sauti ya kuigiza kanisani. Watu wanalia, na wewe unabaki na njaa.

Jumapili ukishika mikro, usianze kuomba. Uwaulize kwanza: "Nani mwingine hapa ana kiu ya Mungu na anaogopa kusema?" Kisha unyamaze, uone mikono itakayopanda.

Mama Emérita