Zaituni Anangoja Ruhusa Yako

Mama Zaituni,

Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Kaka yako Rajabu alitaka aniandikie, nikakataa. Mimi niliyechonga mitumbwi mpaka watu wa Ilagala wakaja kuniomba, nishindwe na kalamu? Herufi zimelala upande kidogo, lakini wewe hata zingesimama wima ulikuwa hujui kusoma, kwa hiyo hakuna wa kunicheka.

Hapa nyumbani hatujambo. Yaani tunapumua. Paa la jiko nimeliezeka upya, hakuna fundi Ujiji nzima angeliezeka vile. Ila hakuna wa kuniambia limepinda.

Kilichonikalisha kuandika ni binti yetu. Zaituni amepata kazi. Ndiyo, huyo huyo ambaye tangu utoto wanasema akili yake haikukomaa, na sasa ni mtu mzima, ameanza kuota mvi. Mama Furaha, yule Mbembe anayeanika dagaa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, alikuja mwenyewe. Akaniambia, "Mzee, nipe Zaituni anigeuzie dagaa. Niliye naye ana akili zake zote, lakini zote ziko kwenye simu, kunguru wanakula tu." Kazi yenyewe ni kutandaza dagaa kwenye chanja, kuwageuza, kufukuza kunguru, na mvua ikionekana inavuka kutoka Kongo, kuwaanua upesi.

Rajabu aliposikia alitoka Simbo mbio, hata chai hakungoja. "Shemeji, mgonjwa unamtuma kibarua? Watu watasema dada yangu kaondoka na huruma ya nyumba hii." Nikamjibu mgonjwa hulala kitandani, huyu anakula ugali kunishinda mimi. Akasema, "Akiaibika huko, aibu ni ya ukoo mzima." Unanijua. Njia ninayokatazwa ndiyo ninayopita. Nikamruhusu siku ile ile.

Na anaiweza, mama. Jioni anarudi ananuka dagaa, anaketi mlangoni, ananyoosha miguu. "Baba, mimi nimechoka." Anasema hivyo kama mtu anayetangaza cheo. Majivuno hayo kayatoa kwangu, sikatai.

Lakini mchana. Tangu uondoke, mchana nilikuwa naye. Ananiuliza jambo moja mara nyingi, namjibu, siku inakwenda. Nilikuwa nawaambia watu kwamba yeye ndiye anayehitaji mtu wa kukaa naye. Sasa napika mwenyewe, nakula nimetazama ukuta, juzi nimejikuta nawasimulia kuku habari za nyavu.

Shida ikaja hivi. Wachuuzi wa Burundi waliteremka mwaloni na magunia yao, na wingu limeshatanda. Wewe ulimlea asimpite mtu mzima mpaka apige goti, apige makofi, aulize habari za mke, watoto, ng'ombe na mbuzi. Akaacha chanja, akaenda kuwasalimu mmoja mmoja. Wale nao ni Warundi, salamu hiyo wanaijua, hawawezi kuikata katikati, wakaitikia yote. Mvua ikawashukia dagaa kabla salamu haijafika kwenye mbuzi.

Mama Furaha hakumfokea. Alinifuata mimi. "Mzee, mwambie akiwa kazini aitikie kwa kichwa tu. Hasara kama ile ikirudi, sitaweza kuwa naye." Nikamwambia Zaituni. Akanitazama. "Mama alisema." Nikarudia kwa ukali. "Mama alisema." Basi. Mimi ninayebishana na mji mzima, nimeshindwa na maneno mawili.

Rajabu amefurahi. Anasema mwache akae ndani, Mungu ameshaamua.

Nami nikinyamaza, kazi itaisha yenyewe. Mchana nitapata mtu wangu, na hakuna atakayenilaumu. Nimelifikiria hilo, mama. Nimelifikiria sana. Ningeweza pia kumdanganya kwamba umenijia ndotoni. Lakini ndani ya nyumba hii mtoto huyu hajawahi kudanganywa, na mimi sianzi uzeeni.

Kwa hiyo nakuomba wewe. Mruhusu akiwa kazini asalimu kwa kichwa tu. Kesho asubuhi nitakuja naye kaburini nikusomee barua hii kwa sauti, yeye akisikia. Nikimaliza tutakaa kidogo. Ukinyamaza, nitamwambia mama amekubali, na haitakuwa uongo, maana katika maisha yako yote hujawahi kukataa jambo ukiwa kimya.

Kisha nitamsindikiza mwaloni, nirudi peke yangu.

Kwaheri, mke wangu. Nakuahidi sitamwita arudi nyumbani kwa ajili yangu. Ukimya ukinizidi nitakuja kukaa kwako, mchana, dagaa wakiwa bado juani.

Ni mimi,
Baba Zaituni