Mdomo wa Jiko

Baba Precious,

Jiko usiliguse! Udongo wa kichuguu nilioukandika mdomoni bado mbichi. Ulishindwa nini kupasua gogo, mpaka uchukue jembe ubomoe jiko ili lipite? Ule mdomo niliufanya mdogo makusudi: kuni mbili tatu, nyembamba na kavu, moto unawaka moshi hauonekani. Wewe asubuhi hii umesukumia gogo bichi, ukafunga mlango, ukaenda kuoga. Precious kakohoa mpaka katapika.

Nimempeleka zahanati. ~~Michembe ya viazi ipo kwenye sufuria, ule.~~ Michembe nimeibeba.

Shoka liko nyuma ya mlango. Nikute gogo limepasuliwa na kuni zimeanikwa juani.

Ulisema jiko langu lina mdomo mdogo. Ngoja nirudi, uusikie mkubwa.

Mama Precious