Bibi Hana Sehemu ya Pili

Lukozi, Lushoto
9 Julai, 2025

Mpendwa Rubeni,

Hilo "mpendwa" nimeliweka kwa kuwa shuleni tulifundishwa barua huanza hivyo. Hujambo? Kile kifua kimepona? Mwanza joto bado lipo? Sisi huku ni wazima, ila baridi ya mwaka huu imetukamata, ukungu hauondoki mpaka saa tano, na maharage yamegoma kukauka.

Ujumbe wako niliupata Jumatatu. Haukuwa na shikamoo. Ulianza na "Shangazi mambo." Sina mambo, Rubeni. Mimi ni dada wa baba yako.

Eti nikurekodie Bibi, kwa sababu wafuasi wako wanaulizia sehemu ya pili. Na kijiti cha kusimamishia simu umekituma kwa basi, kimefika. Nikae upande wenye mwanga, video isizidi dakika moja, kichwa cha habari utaweka mwenyewe kwenye blogu. Umenifundisha vizuri. Sasa na mimi nikufundishe.

Ulipokuja Pasaka, Bibi alikuwa jikoni anachambua maharage, akakuita "mume wangu" kama anavyokuita tangu unanyonya. Akakutania umeleta kitambi badala ya mchumba. Ukamchokoza, akasema jirani yetu Mzee Sefania alimtaka zamani, akamkataa kwa sababu akiimba anafanana na beberu aliyefungiwa. Mimi nilitoka nje kwenda kucheka, maana mtoto hacheki mbele ya mama yake anapotaniana na wajukuu. Huo ni utani wa bibi na mjukuu, na haujawahi kuvuka mlango wa jiko lile.

Kumbe simu yako ilikuwa imeegemezwa kwenye sufuria ya makande! Watu laki mbili wametazama. "BIBI AFUNGUKA MAZITO KUHUSU MPENZI WAKE WA ZAMANI," ndivyo ulivyoandika. Mpenzi! Mtu wa miaka themanini na moja.

Mzee Sefania alionyeshwa gulioni na vijana wa bodaboda. Mzee wa kanisa mzima, wakamwigizia sauti ya beberu. Jumapili ile alikaa kwenye benchi lake, wimbo hakuimba hata mmoja. Mke wake, ambaye amepokezana na Bibi maji ya mfereji miaka arobaini, sasa akimwona anageuza njia. Na watu wasiotujua wameandika chini ya video matusi ambayo siwezi kuyarudia kwa kalamu. Niliyasoma yote. Natamani ungekuwa karibu nikuchape, na ndevu zako hizo.

Usiniambie unaitangaza Usambara. Bibi si kabichi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba amenyamaza. Mdogo wako Janeth akiingia jikoni, anaulizwa kwanza simu iko wapi. Tangu Pentekoste, video yako ilipotufikia, Bibi hajamtania mjukuu hata mmoja, na nyumba imepoa. Nakuchukia kwa hilo, Rubeni, ingawa najua kesho nitakuombea.

Ifute leo. Ukishafuta, panda basi uje umwombe radhi Mzee Sefania mbele ya mke wake, mikono mitupu, bila simu mfukoni. Kijiti chako nimeshakipatia kazi, kinashikilia njegere. Na barua hii usithubutu kuipiga picha.

Baba yako anakusalimu, ila hataki kusikia habari za blogu. Janeth naye anakusalimu. Mungu akulinde, na akuongezee haya.

Nilimwuliza Bibi nikuandikie neno gani kutoka kwake. Nilitegemea aseme "mwambie mume wangu," kama siku zote. Aliendelea kuchambua maharage, hakuinua macho.

"Msalimie huyo kijana wa Mwanza," akasema.

Shangazi yako, akupendaye kwa shida,
Raheli