Usiingie Kwenye Sumaku Bado

Lodwar,
Septemba 1996

Kwa binti yangu Nekesa,

Pokea salamu za mama, nyingi kama mchanga wa huku. Je, baridi ya Ujerumani haijakushinda? Kile kikohozi kimeisha? Mimi nipo, Mungu ananiweka, ila mkono wa kushoto unaniuma, na hiyo nitakueleza.

Barua yako niliisoma pole pole mpaka ikaniingia. Kwamba sumaku yenu imepinda, inapozwa kupita barafu yoyote, na ndani yake vinapita vitu vidogo visivyoonekana, vikikata kona. Nguvu ya sumaku ikizidi hapa na kupungua pale, vinapotea njia vinagonga ukuta. Na kwa sababu kipimo kirefu kilichonyooka cha kupimia nguvu hiyo hakipiti penye kona, umechaguliwa wewe kusukuma kile kifupi humo ndani, kidogo kidogo, sumaku ikiwa imewashwa. Nilipopeleka samaki Kakuma nilimweleza Amou, rafiki yangu Msudani. Alicheka, eti kumbe wazungu wameacha ng'ombe, siku hizi wanachunga vumbi! Lakini akazunguka soko lote akisema binti yetu, binti yetu.

Sasa mwanangu, keti kwanza. Uliandika kwamba mwenye chuma mwilini haruhusiwi humo, sumaku itakivuta, na wewe uliwaambia huna. Juzi hospitalini nilipigwa picha ya bega la mkono huu unaouma. Sista Chelangat akanionyesha kitu cheupe, akasema mama, hiki ni kipande cha risasi ya bunduki, na nyingi zina chuma ndani. Nikabisha. Halafu nikakumbuka.

Baba yako Mutua aliuawa na majambazi kwenye lori, njia ya Kalokol, hiyo unaijua. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu. Tulitoka damu sote wawili, waliotuokota wakasema ni vioo vya lori, wakatupaka dawa, nami nilikuwa na maiti ya kulilia, sikuuliza. Lile kovu nyuma ya sikio lako, Nekesa, nadhani si kioo.

Simu ya posta imekufa, ndiyo maana barua hii nampa mtu anayepanda ndege leo kuja huko. Usiingie kabla hujapigwa picha ya kichwa. Najua ulivyoihangaikia kazi hiyo, na pengine nakunyang'anya mimi mwenyewe. Nikasirikie, mama, lakini uwe hai. Baba yako sikuweza kumwambia ainame.

Amou anakusalimu, na majirani pia. Wasalimie wenzako wa kazini. Waambie mama yako anawaomba wazime kwanza.

Ni mimi mama yako, mwenye hofu,
Mama Nekesa