Kayaki ya Baba

Baba,

Nyonga inaendeleaje? Mvua imekatika sasa hivi hapa Kampala, na ninakuandikia nikiwa ufukweni Ggaba, sketi yangu ya kazini imejaa matope. Nilikuja kukununulia kayaki, ule mtumbwi mwepesi wa plastiki, maana wa mbao huwezi tena kuusukuma majini.

Nilikuwa nimeshachagua nyekundu nyembamba, maridadi kweli. Muuzaji, mwanajeshi mstaafu kutoka Gulu, akanikatalia nilipomweleza hali yako. "Hiyo iko mbio lakini inapinduka. Na shimo yake ya kukaa ni dogo. Mzee wa nyonga mbaya ataingia, kutoka hapana. Chukua hii pana, ya kukaa juu."

Kumbe hauzi mpaka umwonyeshe mwenye kuitumia anavyovua. Akaiweka kwenye nyasi, akanikalisha. "Mzee yako ananyoosha miguu ama anakunja? Samaki anavutia upande gani?"

Nilikaa pale na kasia mapajani, wavuvi wakinitazama, nikanyoosha miguu, kisha nikaikunja. Baba, nimelelewa kwa samaki wako, nikasomeshwa kwa samaki wako, na sijawahi kukuona ukivua hata mmoja. Ulikuwa ukitoka sisi tumelala.

Yule mwanajeshi akanihurumia, akakubali kuniwekea ile pana mpaka nirudi na majibu. Jumamosi nakuja Naivasha. Jumapili alfajiri twende wote ziwani, hata kama ni kuvua ukingoni tu. Usinyate kama zamani, Baba. Niamshe.

Binti yako,
Wambui