Kura Yangu Iko Mtoni

Jumamosi, Kamukuywa.

Mimi nina miaka themanini na moja. Nimezika ndugu zangu wote, na madaktari wawili walionikataza chumvi. Leo nimeshinda vyama viwili pia.

Walikuja sokoni kubishana kama serikali ikaze sheria kwa kile kiwanda cha ngozi kinachomwaga uchafu mtoni. Mama wa chama kimoja akasema ikaze. Kijana wa chama cha pili, yule aliyevaa tai, akasema ikikaza kazi zitaisha. Na ng'ombe wangu wanafika majini wananusa, wanarudi na kiu.

Nikasimama bila kuitwa. "Kijana, kula yangu iko hapo mtoni!"

Akacheka. "Mzee ana njaa! Mpeni soda bana!"

Nilimaanisha kura. Lakini ulimi wa Bungoma unachanganya "ra" na "la", na mimi sirudi nyuma.

"Leta soda! Lakini ng'ombe hawanywi soda. Kura na kula, zote ziko mtoni. Ukichafua moja, ingine unakosa!"

Akina mama wa mboga wakapiga vigelegele mpaka kijana akafungua tai. Akasema, "Sawa, hata sisi tunataka sheria ifuatwe." Vyama viwili, neno moja!

Naogopa watasahau wakifika mjini Kimilili. Lakini leo nimefurahi, siwezi kuficha.

Anayebisha aulize bibi yangu Nafula, alikuwa anauza nyanya hapo. Miaka hamsini hajanisifu. Leo amesema, "Baba Wekesa, umeongea."