Bwawa Kwenye Bustani Yako, Mama Mkwe

Mama mkwe,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kitini, na kama ungekuwepo ningekuwa nimesimama. Nisamehe. Wiki nzima nimebeba zege, miguu inauma, na leo ni Jumapili. Tumetoka kanisani, tumekula, mwanao Consolata yuko nje na watoto. Mimi niko jikoni, dirisha liko wazi, nawasikia.

Unajua niliishia darasa la sita, kwa hiyo usiutazame mwandiko. Na unajua kwamba miaka saba tuliyokaa nyumba moja hapa Rooty Hill, huku ughaibuni, maneno tuliyosemezana mimi na wewe hayajazi ukurasa mmoja. Kwetu mkwe hali sahani moja na mama mkwe wake, hamtazami usoni, hapiti karibu naye. Ukitaka chumvi ulimwambia Divine, "Mwambie baba yako asogeze chumvi," na mimi niko palepale, chumvi iko mkononi mwangu. Divine alikuwa anacheka mpaka anapaliwa. Mdogo wake, Grasia, alidhani tumegombana.

Kuna jambo nimemficha Consolata tangu ulipotutoka. Nitalifikia. Lakini lazima nianze na bwawa, maana bila bwawa nisingeweza kulisema hata kwako.

Ndiyo, Mama, tuna bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba. Usishtuke. Si kama yale tunayochimba kazini kwenye nyumba za matajiri. Hili linasimama juu ya ardhi, duara, ukuta wake bati, ndani plastiki nene ya buluu, na maji yananifika kifuani. Bosi wangu alilitoa kwa mteja aliyetaka la zege, akaniuliza kama nalitaka au alipeleke jalalani. Nilisema nalitaka kabla hajamaliza kuuliza.

Tangu tukuzike, mlango wa nyuma haukufunguliwa. Consolata aliteremsha pazia, nguo akawa anaanika barazani mbele ambako kila mpita njia anaziona. Jembe lako lilibaki limeegemea ukuta pale ulipoliacha. Hakuna aliyekatazwa kwenda nyuma. Hakuna aliyekwenda. Kiangazi kikaingia, na unakijua kiangazi cha huku magharibi mwa jiji, upepo unakuja kama mtu amefungua tanuri. Watoto wakawa wanashinda ndani na simu, wamelala sakafuni kwenye vigae kama paka. Nikawaza, nikiweka maji kule nyuma, mlango utafunguka wenyewe. Consolata sikumwambia hivyo. Nilimwambia ni kwa ajili ya joto. Akasema, "Fanya unavyotaka, ila mimi usiniite." Hiyo ndiyo ruhusa niliyopata.

Sasa nikueleze kazi yenyewe. Wewe ulikuwa mtu wa udongo, utanielewa. Maji yanataka ardhi iliyo sawasawa, na uwanja wetu una mteremko. Juu iko bustani yako, chini iko nyumba. Ili bwawa likae sawa, unakata upande wa juu mpaka ulingane na wa chini. Hujazi upande wa chini. Kamwe. Udongo wa kujaza ukibebeshwa maji huzama, hata uushindilie vipi. Hilo ni somo la kwanza kabisa kazini kwetu, na wageni wakija bosi hunituma mimi nikawafundishe, kwa sababu nimelifanya miaka minane.

Na mimi, mwalimu wao, nilijaza upande wa chini.

Nilisimika kigingi katikati, nikafunga kamba, nikazungusha duara. Duara liliishia chini kidogo ya matuta yako ya viazi vitamu. Lakini kukata pale kwa kina cha goti kungeyaangusha matuta matatu ya mwanzo. Kulisogeza bwawa karibu na nyumba sikuweza, maana sheria ya hapa inataka uzio kulizunguka, na geti linalojifunga lenyewe, na huko nafasi ya uzio isingebaki. Majani ya viazi yalikuwa yameuawa na baridi, yamebaki mashina makavu. Matuta yenyewe yalikuwa bado yamenyooka, kama uliyapanga jana. Nilisimama pale na sururu begani.  Kisha nikaiweka chini, nikaenda kuchukua toroli.

Nilileta udongo toroli baada ya toroli, nikajaza upande wa nyumba, nikaushindilia kwa mashine niliyoazima kazini, nikaweka pima maji. Kipovu kikatulia katikati. Nikajiambia kanuni ni ya wanaojifunza. Nilijua najidanganya.

Jumamosi tukafungulia bomba. Watoto walikuwa wamevaa nguo za kuogelea tangu kabla ya chai. Maji yalipopita magoti, Mama Furaha, yule jirani yetu Mkongo, akachungulia juu ya uzio.

"Papa Divine! Piscine yako imekunywa nini? Imelala upande sawa Papa Furaha siku ya harusi!"

Watoto wakacheka. Nikatazama. Upande wa nyumba maji yalikuwa yamepanda ukutani kuliko upande wa bustani kwa vidole vinne, na bati la upande ule limeanza kutoa tumbo. Hatua tano kutoka pale ni dirisha la chumba cha watoto. Nikafunga bomba, nikawafukuza wote wakae mbele ya nyumba, nikayatoa maji kwa mpira mpaka yakaisha. Ungenitazama nikimwaga maji safi ya kunywa barabarani, wewe uliyepanga foleni na ndoo kule kambini Kigoma, ungegeuza uso. Grasia alilia. Divine hakulia. Aliniuliza, kwa Kiingereza chake, kwa nini nimelijenga vibaya na hii ndiyo kazi yangu.

Mtoto sikuwa na la kumjibu. Wewe nakujibu.

Mama, siku ulipoanguka bafuni mimi nilikuwa nyumbani. Consolata alikuwa kazini Seven Hills, anaogesha wazee wa watu wengine. Nilisikia kishindo, nikakimbia, mkono wangu ukashika kitasa. Ukasema, "Usiingie, mkwe." Ulisema na mimi mwenyewe, bila mtoto katikati. Nikakiachia kitasa.

Nikampigia Mama Furaha. Alikuwa dukani, akasema anakuja. Nikasubiri. Niliegemea ukuta wa korido nikawa nauliza, "Mama, uko?" Nawe unajibu, "Niko." Niliuliza mara nyingi sana. Sauti yako ilikuwa inapungua, ukawa unajibu kwa kukohoa. Mama Furaha alipofika aliingia, akatoka, akanifokea: "Ambulance iko wapi? Hukuita?" Ndipo nikaita. Mama, muda wote ule simu ilikuwa mkononi mwangu. Sikuwaita kwa sababu niliwaza watakuja wanaume, watakukuta vile ulivyo, na mimi ndiye nitakuwa nimewafungulia. Niliona aibu kwa niaba yako. Au kwa niaba yangu, sijui. Nimelifikiria hilo nikiwa nimeshika chepe, nikiwa kwenye treni, nikiwa kanisani, na bado sijui.

Consolata nilimwambia niliita papo hapo. Mama Furaha alikuwepo nilipolisema, akatazama chini, akanyamaza. Daktari alisema nyonga ilivunjika ulipoanguka na kusubiri hakukuongeza lolote. Ukakaa hospitali wiki tatu, kifua kikakubana, ukaenda. Consolata alimwamini daktari. Mimi sijaweza.

Ndiyo maana sururu ilinishinda. Bustani ilikuwa yako peke yako. Miaka yote ile sikuwahi kukanyaga ndani yake. Nilikuwa nakuletea mbolea nakuachia pembeni, nawe unangoja niondoke ndipo uje kuichukua.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nimekaa juu ya toroli niliyoipindua, bwawa limekunjwa limelala pembeni, sijui nianzie wapi. Nikasikia mlango wa nyuma. Consolata alikuwa ametoka kulala baada ya zamu, amejifunga kitenge, alama ya mto iko shavuni. Akatazama udongo niliojaza. Akatazama juu.

"Kwa nini hukukata juu? Si wewe kila siku unaimba hapa, kata juu, kata juu?"

"Ni bustani ya Mama."

Akakaza kitenge kiunoni. Halafu akasema, "Mama angekuita mjinga." Akafikiri kidogo. "Hapana. Angemtuma Divine aje akuambie wewe ni mjinga."

Tulicheka, Mama. Tulicheka mpaka akashika ukuta. Na mkono wake ulipokuwa ukutani ulilikuta jembe lako, akalishika mpini, akapanda nalo mpaka kwenye matuta. Akapiga la kwanza kwa nguvu sana, kama anataka liishe mara moja.

Viazi vikatoka. Hatukutegemea. Tulidhani baridi imeviua vyote, kumbe vilikuwa vimekaa chini muda wote, na sisi tunanunua viazi dukani. Vingi vilikuwa vimeoza, vinanuka. Lakini vingine vilikuwa vinene, vyekundu, vimeanza kuchipua. Watoto wakaja na ndoo. Mimi nikachukua sururu nikaingia upande wa pili wa tuta, yeye analima, mimi nakata, tunakutana katikati. Ulikuwa udongo mzuri, mweusi. Huku ardhi ni mfinyanzi mgumu, mimi ninauvunja kila siku, ninaujua. Ule ulikuwa umeutengeneza mwenyewe, kwa maganda na majani na mbolea ile niliyokuwa nakuachia pembeni.

Consolata alikuwa amenipa mgongo alipolisema.

"Siku ile ungeingia tu."

Nikapiga sururu. Akapiga majembe mawili matatu.

"Najua alikukataza. Ninamjua mama yangu. Ungeingia tu."

"Ndiyo," nikasema.

Nilitaka kuendelea. Maneno yalikuwa mdomoni, kuhusu simu. Grasia akaja anakimbia na kiazi kikubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, anataka tukisifu, tukakisifu. Nikarudi kwenye sururu. Nilishukuru kwa kile kiazi, nakuambia ukweli, na mpaka leo nakionea haya.

Tulikata kina cha goti, tukarudi nyuma hatua mbili ili udongo usiporomoke. Ule niliojaza niliutoa wote. Udongo wako Consolata alikataa usitupwe. Tuliupeleka mbele ya nyumba, tukang'oa majani pale kwenye sanduku la barua, sasa kuna matuta mawili na mbegu za viazi vyako vilevile. Majirani wanapunguza mwendo wa magari kutazama. Consolata anawapungia mkono.

Bwawa lilisimamishwa upya, likajaa, na maji yakalala sawa na ukingo pande zote. Mtu wa manispaa alikuja kukagua uzio, akaliachia geti mara tatu kuona kama linajifunga, akaondoka bila neno. Viazi vilivyosalimika tulivichemsha, tukala na maharage, tukampelekea na Mama Furaha. Alipopokea sahani alinitazama kwa muda mrefu mlangoni. Akasema polepole, "Papa Divine, mimi ninachoka kukunyamazia." 

Kwa hiyo nimekaa kitini, nakuandikia.

Nawatazama dirishani sasa hivi. Consolata hajui kuogelea, anaingia na fulana yangu ya kazi na kitambaa kichwani, anashika ukingo. Watoto wamemfundisha mchezo wao: wote wanatembea upande mmoja wakizunguka ukuta, wanasukuma, wanasukuma, mpaka maji yenyewe yanaanza kwenda, ndipo wanainua miguu na kubebwa. Yeye ananyanyua mguu mmoja, anaogopa, anaurudisha. Wanamzomea. Anawarushia maji, anasema atawapeleka Campbelltown kwa shangazi yao wakakae huko na adabu zao. Wao wanajibu kwa Kiingereza. Hajacheka namna hii tangu mazishi. Na mimi ndiye ninayetaka kwenda kumwambia neno litakaloweza kukizima kicheko hicho. Ndiyo sababu nimechelewa. Kila Jumapili nimejiambia ngoja afurahi kwanza.

Lakini aliniambia la kwake akiwa amenipa mgongo, mimi nikampa nusu ya la kwangu. Hawezi kunisamehe nusu asiyoijua. Na akiisikia kutoka kwa Mama Furaha, hapo sitakuwa na pa kusimama.

Saa kumi watoto wanakwenda kwa Mama Furaha kuangalia sinema. Nakuahidi, Mama, leo hii, nyumba ikiwa yetu wawili, nitamwambia yote kwa mpangilio: kitasa, duka, simu mkononi, jinsi ulivyokuwa unanijibu. Nimeanza na wewe kwa sababu ulikuwepo, na nikidanganya popote unajua. Akikasirika, akasirike. Akitaka nikalale kwenye kochi mwezi mzima, nitalala. Sitamwambia daktari alisema nini. Hilo analijua, na mimi si daktari.

Pumzika, mama wa mke wangu. Sikuwahi kukuaga vizuri. Pale hospitali nilisimama mguuni pa kitanda nikatazama viatu vyangu. Nakuaga sasa, nakutazama.

Na kwa sababu ninajijua, karatasi hii siichani wala siipeleki kaburini kwako. Naikunja, naiweka mfukoni mwa shati. Mdomo ukinishinda, nitampa Consolata aisome mbele yangu, na sitatoka chumbani mpaka amalize.

Mkweo,
Baba Divine